Mbwa Alipanda, Dada Akabaki

Ndugu msomaji, kitabu ninachotaka kukizungumzia hapa nilikinunua Korogwe, kwenye meza ya vitabu vya mitumba karibu na stendi, kwa shilingi 1,000. Jalada la mbele halikuwepo na kurasa za mwisho zilikuwa zimeonjwa na mchwa. Muuzaji aliniambia ni kitabu cha wanyama. Kinaitwa My Family and Other Animals, mwandishi ni Gerald Durrell, Mwingereza, na kilitoka mwaka 1956. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, tena cha matokeo ya kuombea dua, kwa hiyo nilikisoma na kamusi pembeni kwa miezi miwili, jioni, kwenye taa ya sola, hapa hapa Mazinde.

Nasema haya mapema ili ujue anayehakiki ni nani. Chuo kikuu sikufika. Nilimaliza sekondari nikarudi kijijini, na nina mswada wa riwaya ndani ya sanduku la mama ambao nimeuandika upya mara tatu. Mswada huo utaingia humu, unisamehe, maana bila huo kitabu hiki nisingekielewa.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1935 mama mmoja mjane na watoto wake wanne wamechoshwa na mvua na mafua ya Uingereza. Mtoto mkubwa, Larry, ambaye ni mwandishi na mdomo hauna kufuli, anamwambia mama auze nyumba wakahamie kisiwa cha Corfu, Ugiriki, kwenye jua. Mama anakataa. Halafu anauza nyumba. Wanavuka Ufaransa, Uswisi na Italia kwa garimoshi, wanafika bandari ya Brindisi, wanapanda meli, na kunapopambazuka kisiwa kile pale mbele yao. Mwandishi mwenyewe, mdogo kuliko wote, alikuwa na miaka kumi. Baba yao alikuwa mhandisi huko India, akafa mwaka 1928, na mama akawa anaendesha nyumba kwa kile alichoachiwa. Wakati ule fedha ya Kiingereza ilikuwa na nguvu Ugiriki, kwa hiyo safari ile, ukiiondolea vichekesho, ilikuwa safari ya watu wanaotafuta mahali ambapo shilingi yao itakwenda mbali.

Mimi na wewe tunaijua safari ya namna hiyo. Na Mgiriki kwetu si mtu wa kwenye ramani tu. Wagiriki walimiliki mashamba ya mkonge mkoa huu wa Tanga, na wazee wa kambini mpaka leo wanasimulia Mgiriki fulani alikuwa mkali, Mgiriki fulani alikuwa mcheshi. Walitoka kwao, na wengine walitoka visiwani, wakaja kutafuta. Kwa hiyo nilikifungua kitabu nikijiambia: haya, leo tuone na wao kwao kukoje.

Upande wa fani, mwandishi amefaulu, tena sana. Sehemu niliyoirudia mara nyingi ni ya mizigo. Kila mmoja anachukua kile anachoona hawezi kuishi bila hicho. Larry ana masanduku ya vitabu, nguo kidogo tu. Leslie ana bunduki. Margo, msichana, ana nguo na dawa za chunusi. Mama ana vitabu vya mapishi na bustani. Na mtoto wa miaka kumi ana wavu wa kukamatia vipepeo, viwavi ndani ya chupa, na mbwa wake. Hebu tazama. Hajatuambia Larry ana majivuno, hajatuambia mama ni mvumilivu, hajatuambia lolote. Amefungua masanduku tu, basi, umewajua watu watano katika aya moja. Sisi vijana tunapoandika hutumia kurasa tatu kueleza kwamba mhusika wetu alikuwa mrefu, mweupe wa wastani, mwenye meno kama mchele. Meno hayo! Sijui tuliambukizwa na nani.

Jambo la pili alilofanya vizuri ni kwenda haraka. Ulaya nzima ya kusini anaipita kwa mistari michache. Kila nchi inapewa picha yake moja, unaingia nyingine. Waliokuja kuandika maisha ya Durrell wanaeleza kwamba safari hasa ilikuwa ya meli kutoka Uingereza hadi Naples, ndipo garimoshi. Kumbe zile nchi za dirishani mwandishi amejitengenezea. Kwa hilo simlaumu. Msanii ana ruhusa ya kubadili njia.

Lakini nauli iko wapi?

Nilichukua kalamu ya risasi nikarudia sura ya kwanza, nikitafuta mahali ambapo mtu anakaa kitako na kuhesabu. Sikumpata. Mama anauza nyumba kwa sentensi moja, na kutoka hapo fedha inakuwa kama hewa: ipo, inavutwa, haionekani. Watu watano, masanduku, mabehewa, meli, hoteli ya kufikia, nyumba ya kupanga yenye bustani. Hakuna anayemuuliza mwenzake imebaki ngapi. Familia inaitwa ya hali ya chini kidogo, lakini ni hali ya chini ya mtu mwenye nyumba ya kuuza. Huku kwetu mtu wa namna hiyo tunamwita tajiri aliyekasirika.

Na halafu yule mbwa. Anaitwa Roger, mweusi, manyoya ya kujikunja. Amesafiri Ulaya nzima. Anafika Corfu ana nguvu za kugombana na mbwa wa Kigiriki, watu wanacheka, na mimi nilicheka. Nilicheka sana. Usiku wake sikulala vizuri.

Sasa nikupe safari nyingine, ya familia nyingine, kwenda kisiwa kingine.

Mama yangu ni mtu wa Wete, Pemba. Mazinde aliletwa na ndoa. Baba alikuwa mkata mkonge. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza kupita kiasi, ikaua mamia ya watu. Mmoja wao alikuwa mtoto wa mama yake mdogo mama. Sisi tulisikia kwenye redio kwanza, simu ikaja baadaye. Miezi mitatu mama alikuwa na deni la kwenda kuhani. Shule zilipofungwa Desemba, baba akasema, "Twendeni."

Mkononi alikuwa na shilingi 85,000. Hesabu aliifanya mbele yetu, sakafuni, kwa punje za mahindi, kila punje shilingi elfu moja. Mazinde hadi Korogwe 2,000. Korogwe hadi Tanga 4,000. Kutoka Tanga kuna boti nzuri na kuna jahazi lenye mashine linalobeba mahindi na watu. Boti nzuri hatukuizungumzia. Jahazi 10,000. Mtu mzima mmoja, kwenda na kurudi, 32,000. Baba na mama wakamaliza 64,000. Mdogo wetu alikuwa wa mgongoni, halipi. Mimi nilikuwa na miaka 11 lakini nilikuwa kimbaumbau, nikaambiwa nitapakatwa kwenye magari yote mawili na jahazini nitalipiwa nusu, kwenda na kurudi 10,000. Zikafika 74,000. Punje zilizobaki zilikuwa 11, za chakula na za rambirambi.

Dada yangu alikuwa na miaka 14. Dada hapakatiki.

Ili aende zilihitajika 32,000 nyingine na punje zilikuwa 11. Baba akazisogeza punje kwa kidole, huku na huku, kama mtu anayecheza bao peke yake, halafu akazikusanya zote akazirudisha kwenye kibaba. Hakuna aliyetamka neno. Dada akainuka akaenda kuosha vyombo.

Tuliondoka alfajiri. Mabasi makubwa ya Arusha hayasimami Mazinde, yanakupita yakikuachia vumbi, hivyo tulisubiri Hiace mpaka jua likawa juu. Kondakta akaniangalia kwenye mapaja ya baba, miguu yangu inagusa sakafu.

"Huyu darasa la ngapi?"

"La pili," mama akasema.

Nilikuwa la tano. Nilijikunyata. Kuanzia hapo mpaka Korogwe nilikuwa mtoto wa darasa la pili, na baba magoti yalimfa ganzi. Segera tulisimama, Muheza watu wakaingiza machungwa dirishani, hatukununua. Tulikuwa na mihogo ya kuchemsha na chapati za jana. Tanga tulilala bandarini juu ya magunia kusubiri maji. Baharini mama alikaa macho makavu usiku kucha, mkono mmoja umemshika mdogo wangu, mkono mwingine umeshika kamba ya jahazi. Wete tulifika tumelowa, tukalia msiba uliokwisha kuliwa, tukakaa siku nane.

Basi, ndugu msomaji, nilipoanza kuandika riwaya niliiweka safari hiyo sura ya pili. Nikaipamba. Nikaweka mawio ya jua, nikaweka pomboo watatu, nikaweka harufu ya karafuu inayompokea msafiri kabla kisiwa hakijaonekana. Na familia nzima niliipandisha. Baba, mama, watoto watatu. Dada nilimpa kiti cha dirishani kwenye Hiace, upepo unampeperusha mtandio. Niliona ni picha nzuri. Na kweli ilikuwa nzuri. Kwenye kikundi chetu cha kusomeana Korogwe waliipigia makofi.

Dada sasa anaishi Mombo, anauza vitumbua asubuhi na mchana anashona. Mwaka jana nilimpelekea mswada. Alikaa nao wiki mbili. Aliporudisha hakusema kitu, aliulizia tu habari za mama. Nilipofika nyumbani nikafungua, na pale kwenye kiti cha dirishani, pembeni, alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: Mimi sikuwepo.

Maneno mawili. Hakuna mhakiki aliyewahi kunipiga hivyo.

Nilijitetea kwanza, kama tunavyojitetea sote. Hii ni riwaya, si ripoti ya polisi. Durrell naye kabadili njia, mbona hatumshtaki? Lakini kila nilivyoendelea kujibishana na yale maneno mawili ndivyo nilivyoona kwamba kubadili njia ni jambo moja na kumlipia mtu nauli ambayo hakulipiwa ni jambo jingine. Mimi sikumpa dada zawadi. Nilijisafisha. Niliona haya kwamba mimi nilipakatwa na yeye aliachwa, nikaifuta aibu kwa kalamu nikaiita usanii.

Nikakirudia kitabu cha Corfu kwa jicho hilo, na hapo ndipo nilipokuta jambo ambalo msomaji wa kawaida hawezi kulijua mpaka asome habari za familia yenyewe. Larry, yaani Lawrence Durrell, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mkubwa kuliko mdogo wake, alikuwa na mke. Anaitwa Nancy, mchoraji. Walioana mwanzoni mwa mwaka 1935, wakaenda Corfu pamoja, wakaishi huko kwenye nyumba yao upande wa kaskazini wa kisiwa. Katika kitabu cha Gerald, Larry ni kapera anayekaa na mama yake na kulalamika. Nancy hayupo. Hajatajwa hata kwa bahati mbaya. Na katika kitabu ambacho Lawrence mwenyewe alikiandika kuhusu Corfu, mwaka 1945, mkewe amebaki herufi moja tu, N.

Mbwa ana jina, tabia, na hata uadui na mbwa wa bandarini. Mke hana.

Sisemi Gerald alikuwa mtu mbaya. Nadhani alitaka kitabu cha mama na watoto wanne, na mke wa kaka alivuruga hesabu. Kifani ana haki. Lakini ninapokisoma sasa, kila Larry anapopiga kelele mezani, nakisikia kiti kitupu pembeni yake. Kitabu bado ni kizuri, bado nacheka. Ila kicheko kimeingia mchanga.

Sasa tuje nyumbani. Usidhani fasihi ya safari tumeletewa na Wazungu wenye vipepeo. Mwaka 1901 ulichapwa Ujerumani mkusanyiko uitwao Safari za Waswahili, ulioandaliwa na Carl Velten. Ndani yake yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari, na safari yake ni ya Udoe hadi Uzigua, yaani huku huku upande wa Handeni, si Samarkand. Yumo pia Selim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, aliyefuatana na Mjerumani mmoja mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896. Mswahili kwenye theluji! Ningependa kijana yeyote anayelalamika kwamba Kiswahili hakina vitabu vya safari akitafute kile kwanza, halafu tuongee.

Jambo linalonivutia katika simulizi za misafara ya bara za wakati ule ni kwamba watu wale hawakuona haya kuhesabu. Nguo ngapi zimetolewa, hongo kiasi gani kwa mtawala gani, shanga gani zinakubalika wapi. Kwao hesabu ilikuwa habari yenyewe. Mazinde yetu hii ilipata jina kwa sababu hiyo: Semboja, Mkilindi aliyetawala hapa karne ya 19, alikaa bondeni kwenye njia ya misafara ya Pangani, na anayepita alilipa. Aliyewahi kumtumikia, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, ndiye aliyeandika Habari za Wakilindi, iliyoanza kuchapwa na wamisionari wa Magila mwaka 1895. Ukiisoma utaona kwamba bei na deni na zawadi ndizo zinazosukuma vita na ndoa. Hakuna anayekwenda popote bure.

Lakini tazama Selim. Yeye alisafirishwa na bwana wake. Macho yake yako huru kuangalia baridi, vyakula, mavazi, dini za watu, na ameangalia vizuri, ni mwandishi hasa. Nauli haimhusu, kwa hiyo haimo. Vivyo hivyo Martin Kayamba, mtu aliyekuwa karani mkubwa Tanga, aliyekwenda London mwaka 1931 na wenzake wawili kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilitoka mwaka 1932. Amelipiwa na serikali, na kinasomeka kama kitabu cha mtu aliyelipiwa: kila kitu ni kisafi, kila mtu ni mkarimu. Ninakiheshimu, ni mtu wetu. Ila kikinifikia pale kwenye ukarimu hunichosha.

Aliyenirudishia imani ni Adam Shafi. Katika Mbali na Nyumbani, cha mwaka 2013, anasimulia ujana wake, alivyotoka Unguja kutafuta elimu Ulaya kwa kupitia bara, Uganda, Sudan, huko juu. Pale mfuko ni mhusika. Ukiwa umechacha unakutana na watu wengine, unalala mahali pengine, unasema uongo mwingine. Ukimwondolea kijana yule ukata, kitabu kinakwisha ukurasa wa ishirini, maana angepanda ndege.

Na juu ya wote nitaweka Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ambaye alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994, na mwaka 2022 tukaipata kwa Kiswahili kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis. Yusuf ana miaka 12. Tajiri Aziz akija kuwatembelea humpa sarafu, na mtoto anaisubiri sarafu ile kama sisi tulivyosubiri Idi. Halafu siku moja Yusuf anapandishwa garimoshi kwenda pwani na tajiri, anafurahi, anasafiri! Nauli amelipa nani? Inakuja kujulikana baadaye: baba yake anadaiwa, na mtoto ndiye rehani. Yusuf hakulipiwa nauli. Yusuf ndiye malipo. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje nikatazama reli. Inapita hapa kijijini kwetu, ile ya Tanga kwenda Moshi.

Gurnah anajua kitu ambacho Durrell alikificha kwa kicheko na mimi nilikificha kwa pomboo.

Sasa nyinyi, ndugu zangu wa kikundi. Nimezisoma hadithi za safari tulizosomeana mwaka huu na nitasema kwa upendo, atakayekasirika anifuate Mazinde, chai ipo. Iko moja ambayo kijana anatoka Tanga ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili yuko Athens, amevaa koti la ngozi. Amefikaje? "Baada ya harakati nyingi." Mshikaji, harakati hizo ndizo hadithi! Visiwa vile vya Ugiriki si vya watalii na akina Durrell peke yao. Mwaka 2015 zaidi ya watu 800,000 waliingia Ugiriki kwa bahari, wengi kutoka Syria na Afghanistan, na Wasomali na Wakongo pia walikuwemo, wakitua Lesbos na Samos kwa mipira ya kujazwa upepo. Kila familia pale ilikuwa na hesabu yake: nani anakwenda, nani anabaki Uturuki, ng'ombe gani au nyumba gani imeuzwa. Yawezekana ilifanywa sakafuni vilevile, kwa punje. Wewe unamvalisha mhusika koti la ngozi na kutunyima hiyo?

Nyingine, ya dada mmoja ambaye nadhani ana kipaji kuliko sisi sote, inaeleza mama na watoto wanaokwenda Dar kumtafuta baba. Mandhari safi, mazungumzo safi. Chalinze wanakula kuku. Kwa fedha ya nani, wakati ukurasa uliopita tumeambiwa hawajala tangu jana? Nilimuuliza, akanyamaza, halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba kweli walipokwenda wao hawakula, ila ameona aibu kuandika. Nikamwambia nami nina pomboo watatu. Tukacheka. Nangoja atakavyoirudia.

Najua kuna hoja kwamba msomaji amechoka na shida, anataka kupumzika. Hoja hiyo naiheshimu. Mimi mwenyewe nikitoka shambani sitaki kusoma habari za jembe. Lakini kuhesabu si kulia. Durrell akihesabu mizigo tunacheka. Angehesabu na tiketi tungecheka vilevile, na tungemjua yule mama zaidi, maana naamini usiku, wanawe wakilala, alikuwa na karatasi na kalamu mahali fulani. Hakuna mjane asiyekuwa na karatasi hiyo.

Nimalizie habari ya mswada. Baada ya yale maneno ya bluu nilimwendea mama, safari hii si kumsomea bali kumuuliza bei. Nilitaka kuhakikisha kama jahazi lilikuwa 10,000 au 12,000. Mama alikuwa anachambua mchele. Akajibu 10,000, akataja na zile nyingine zote, moja moja, kama aliyezisoma jana. Kisha akanyamaza kidogo.

"Fedha ilipungua, kweli," akasema. "Lakini baba yako alikuwa na pa kukopa. Mimi ndiye niliyemkataza asikope."

"Kwa nini, mama?"

"Meli ilikuwa imezama juzi tu, mwanangu. Niliogopa tusiende wote."

Akaendelea kuchambua mchele. Miaka yote hiyo mimi nilidhani naijua ile hesabu ya punje. Na dada naye hajui mpaka leo ninapoandika haya. Mama amesema atamwambia mwenyewe, nisimtangulie, kwa hiyo gazeti hili lisifike Mombo kabla ya mwezi ujao.

Sura ya pili nimeianza upya. Pomboo nimewatoa. Hiace imeshaondoka, vumbi limetua, na msichana wa miaka 14 amesimama barabarani Mazinde na ufunguo wa nyumba mkononi. Nimempigia dada simu kumuuliza siku ile ya kwanza alikula nini. Akasema nimtumie kwanza vocha.